Bolti ya juu ya stata kwenye Canter, spana haizunguki

Dereva wa Bweyale
Habari zenu mafundi. Nina Canter, napeleka mahindi Kampala kupitia Luwero. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, imeanza kunisumbua: nikizungusha ufunguo nasikia "tak" moja tu, basi. Betri zote mbili nzima, taa hata hazififii. Nataka niitoe mwenyewe nimpelekee fundi umeme, maana kuvutwa na gari lingine ni gharama. Bolti ya chini imetoka vizuri. Ya juu naifikia kwa vidole ila siioni. Spana ya ringi namba 17 inaingia lakini haina nafasi ya kuzunguka, inagonga bomba. Spana ya mdomo inateleza, naogopa itakula pembe za bolti. Sitaki kushusha gia boksi kwa ajili ya bolti moja. Mnafanyaje?

Kijana wa Lira
Pasha moto kwa gesi, italegea.

Fundi wa Malaba
Moto hapo hapana, tafadhali. Ndani ya injini mna mabomba ya dizeli na nyaya, na shida ya ndugu yetu ni nafasi, kutu hajaitaja.

Dereva, kabla ya yote toa waya wa hasi kwenye betri. Canter hiyo ni ya volti 24, na ule waya mnene wa stata una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Spana ikigusa waya huo na chasi kwa pamoja, unaungua mkono. Kijana yeyote anayeingia gerejini kwangu namwambia hilo kabla sijampa spana.

Sasa papasa kichwa cha bolti. Kinatazama mbele kwenye radieta au nyuma kwenye gia boksi? Watu wengi wanapigana na bolti palepale ilipo, na hapo ndipo hapana nafasi. Ifungulie kutoka pale mkono wako unapoenea. Kama inatazama nyuma, unga ekstensheni (fimbo ya kurefusha) ndefu, hata mbili, zipite kando au juu ya gia boksi mpaka racheti, ule mpini wa kuzungushia, ikae mahali ambapo haigusi kitu. Inua kabini, hakikisha pini ya usalama imeingia, kijana mmoja akae juu aiongoze boksi spana (kikombe kinachovaa kichwa cha bolti) ikae kwenye bolti kwa vidole, wewe uzungushe ukiwa chini.

Ukikuta kona, tia yunivasali (kiungo kinachopinda) nyuma ya boksi, ila izungushie tepu ya umeme kwanza. Bila tepu inalegea kama shingo ya kuku aliyechinjwa na boksi haikai. Ukiifunga, inapinda kidogo na kubaki hivyo. Kona isiwe kali, maana nguvu inapotea na boksi inaruka.

Boksi iwe ya pembe 6. Zile za pembe 12 ndizo zinazokula vichwa. Na namba uipime upya: bolti ya Kijapani yenye uzi wa milimita 12 kichwa chake ni 17, lakini ya Kijerumani yenye uzi huohuo inaweza kuwa 18 au 19. Gari la mkono wa pili huwezi jua nani aliweka nini.

Ikigoma, kaza kidogo kwanza, usikie imeachia, ndipo ufungue.

Dereva wa Bweyale
Asante sana mzee. Nimepapasa, inatazama nyuma. Ekstensheni niliyonayo ni moja tu, fupi. Nikipinda ringi je?

Mama Spea
Kaka, kabla hujaharibu ringi yako, ulizia Kisenyi, kule Kampala, ile spana iliyopindwa nusu duara. Imetengenezwa kwa stata na manifodi (mabomba ya hewa na moshi ya injini), inazunguka bomba lenyewe. Wenye malori huku kwetu hawaiachi nyumbani.

Fundi wa Malaba
Mama amesema kweli, anza na hiyo. Ukikosa, nunua ringi ya bei rahisi, isiwe ile unayoitegemea, mpelekee mchomeleaji aipashe hadi iwe nyekundu, aipinde, kisha aiache ipoe yenyewe. Asiitumbukize majini, itakuwa ngumu halafu itakatika ukiivuta kwa nguvu. Mahali ilipopashwa panabaki dhaifu, kwa hiyo usiiongezee bomba la kurefusha mpini.

Bolti ikikaribia kuisha, ishikilie stata kwa kamba au mkono wa mwenzako. Ni nzito, na ikianguka inakata nyaya au inaumiza uso wa aliye chini.

Ukirudisha, pangusa uso wa pale stata inapokaa mpaka chuma king'ae, kwa sababu umeme wa hasi unapita kwenye mwili wake. Tia grisi kidogo ndani ya boksi ili ishike bolti isidondoke, na uanze kuizungusha kwa vidole. Ikikaza mapema, rudisha nyuma, uzi haujakaa.

Ila kabla hujafungua chochote zaidi, rudisha bolti ya chini, kaza waya mnene na ule wa kutoka injini kwenda chasi, kisha rudisha waya wa betri ujaribu tena. Ikibaki "tak" na taa hazififii, umeme mwingi hauingii kwenye mota. Mwambie fundi umeme aanzie kwenye shaba za solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) na brashi (vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota), asikuuzie stata nzima.