Chenga na mstari unaopanda kwenye televisheni ya kebo

Mpangaji wa Ngamiani
Habari za jioni, wanajukwaa. Hapa nyumbani Tanga waya wa kebo huingia moja kwa moja kwenye televisheni bila king'amuzi. Tangu nilipoweka televisheni ya pili chumbani, kwa kutumia spilita (kigawanyaji cha mawimbi ya kebo) ya njia nne niliyokuwa nayo kabatini, chaneli za juu zimejaa chenga na maandishi yana kivuli, ilhali za chini ni safi. Waya wa chumbani niliurefusha mwenyewe kwa kusokota na kufunga utepe. Aidha, ninapounganisha kompyuta ya mezani na televisheni ya sebuleni ili nitazame filamu, mstari mpana hupanda polepole kwenye kioo huku sabufa ikinguruma. Je, busta itamaliza matatizo haya?

Fundi Antena
Ndugu, usinunue busta kwanza, kwa sababu hukuza kila inachopokea, chenga zikiwemo. Spilita ya njia nne hupunguza mawimbi kwa takriban desibeli 7, kwa hiyo kila televisheni hupata chini ya robo ya nguvu iliyoingia, wakati ya njia mbili hupunguza takriban desibeli 3.5 tu. Chaneli za juu huumia zaidi kwa kuwa masafa ya juu hupotea haraka ndani ya waya. Kivuli nacho naona kinatoka kwenye ile sehemu uliyosokota: waya wa kebo una ukinzani wa omu 75 ambao unapaswa kuwa sawa njia nzima, na palipovurugika mawimbi hurudi nyuma, kisha picha hufika mara mbili. Vuta waya mmoja mzima wa RG-6 (aina ya waya wa kebo ya televisheni) wenye viunganishi vya kukaza.

Bi Mdogo wa Chumbageni
Nakubaliana na Fundi, ila mstari ni ugonjwa mwingine kabisa. Filamu ikiwa inaonyeshwa, chomoa waya wa kebo nyuma ya televisheni. Mstari ukitoweka, ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) ya kompyuta na ethi ya kebo zinakutana kwenye televisheni yako zikiwa na volti tofauti, na umeme wa hezi 50 unazunguka kati yake. Dawa yake ni kitenganishi, kifaa kinachofungwa kwenye waya wa kebo ili kutenganisha ethi hizo mbili huku kikipitisha picha. Tafadhali usikate mguu wa ethi kwenye plagi, hata kama jirani atakuapia kwamba kwake ilifaa, na ukihisi shoti unaposhika waya huo, acha mara moja umwite fundi umeme.

Mpangaji wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Nimeweka spilita ya njia mbili na waya mpya, na chenga pamoja na kivuli vimekwisha katika vyumba vyote viwili. Nilipochomoa kebo, mstari ulitoweka papo hapo na sabufa ikanyamaza. Kitenganishi bado sijakipata madukani, kwa hiyo kwa sasa tunachomoa kebo kila tunapotazama filamu, jambo ambalo watoto wamelizoea kuliko mimi.