Vela X-1: eksirei zikishuka ghafla, imepunguza kula au imezibwa?

Mdau_Anga
Wakuu habari zenu. Nimekuwa nacheki data za Vela X-1 kutoka MAXI, ile kamera ya eksirei iliyofungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa, zipo wazi mtandaoni yeyote anaweza kuzishusha. Naelewa ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kidogo kizito sana kilichobaki baada ya nyota kulipuka, inayoizunguka nyota moja kubwa sana ya samawati kwa siku 9 hivi na inakula upepo, yaani gesi, unaotoka kwa huyo mwenzake. Kinachonichanganya ni kwamba eksirei zake hazitulii, mara ziko juu, mara zimeanguka karibu na sifuri, halafu zinapanda tena. Sasa nikiona zimeshuka nitajuaje kama chakula kimepungua au kuna kitu tu kimekatiza mbele?

Kimondo77
Mkuu hapo umegusa penyewe. Kwanza ondoa kupatwa, kwa sababu kila mzunguko ile nyota kubwa inaifunika nyutroni kwa karibu siku 2 na hiyo inakuja kwa ratiba, ukijua moja ilianza lini unapiga hesabu ya zote. Kupatwa ndiko kulikotuhakikishia kwamba vyanzo hivi vya eksirei ni nyota mbili zinazozungukana, satelaiti ya Uhuru iliyorushwa 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi iliikuta Cen X-3, nyota nyingine ya aina hii, inatoa mapigo ya eksirei kila sekunde 4.8 na inapotea kila baada ya siku 2.1.

Zinazobaki ndo zenye kazi. Usiangalie jumla, gawanya kwa nishati. Eksirei laini, tuseme chini ya 3 keV (keV ni kipimo cha nishati), zinamezwa kirahisi na gesi, ila ngumu za juu ya 10 keV zinapenya. Kwa hiyo laini zikipotea na ngumu zikabaki palepale, ujue nyota inaendelea kula kama kawaida, ni bonge la upepo tu limepita mbele yake. Zikianguka zote pamoja kwa kiwango kilekile basi gesi inayoifikia nyota ndo imepungua. Na Vela X-1 inafanya yote mawili! Kuna wakati inazimika ghafla mpaka yale mapigo yake ya sekunde 283 hayaonekani, kisha inarudi.

Nuru_ya_Mbali
Naongezea kidogo hapo kwa Kimondo77, gesi ikiwa nene kupita kiasi hata zile ngumu zinapungua maana elektroni zinazitawanya zinatoka njiani, kwa hiyo ukitegemea uwiano wa laini na ngumu peke yake utadanganyika. Mimi huwa natafuta mstari wa chuma wa 6.4 keV, yaani eksirei za nishati hiyo moja zinazotolewa na chuma. Chuma kilichomo kwenye gesi kinapigwa na eksirei za nyota nacho kinatoa za kwake, sasa ile nyota ikizibwa mstari unabaki umesimama wazi juu ya kidogo kilichosalia. Halafu usidharau data za wakati wa kupatwa jamani, watu wengi wanazitupa! Mng'ao wa nyutroni ukiondoka unabaki na upepo wenyewe, darubini ya eksirei ya Chandra iliangalia Vela X-1 ikiwa imepatwa ikakuta mistari kibao ya silikoni, magnesi, neoni. Kwangu hiyo ndo sehemu tamu kuliko zote.

Mdau_Anga
Nimewaelewa sana wakuu, asanteni. Je hizi za MAXI zinanitosha? Na ile nguvu ya sumaku ya nyota ya nyutroni inayotajwa inapimwaje kutoka mbali hivyo?

Kimondo77
Kwa kuanzia zinatosha, zimegawanywa 2-4, 4-10 na 10-20 keV, gawanya ya juu kwa ya chini uchore uone inavyobadilika ndani ya mzunguko. Ila MAXI inaipitia nyota mara moja kila dakika 92 na kuiona muda mfupi tu, mapigo ya sekunde 283 hutayapata humo. Kwa mapigo chukua data za darubini za anga za NuSTAR au XMM-Newton kwenye hifadhi ya HEASARC ya NASA, ni bure, na usisahau kusahihisha mzunguko maana mapigo yanawahi au kuchelewa hadi sekunde 113 kutegemea nyota iko upande gani.

Sumaku ni NuSTAR hiyohiyo, inaona 3 hadi 79 keV. Elektroni zikinaswa kwenye uga mkali zinameza eksirei za nishati maalumu, kwa Vela X-1 kuna mabonde, yaani sehemu eksirei zilipopungua, karibu na 25 na 55 keV, na lile la 25 ukilipigia hesabu linakupa gausi (kipimo cha nguvu ya sumaku) trilioni 2 na ushee.