Mikono inapasuka, miguu inapauka: ngozi kavu msimu wa baridi hapa Mwanza, nitumie nini cha asili?

Mhaya wa Kirumba

Habarini za majukumu ndugu zangu. Mimi nimezaliwa Bukoba, sasa naishi Kirumba na riziki yangu ni samaki pale Mwaloni. Alfajiri napokea sangara na sato, tunawapanga kwenye barafu, halafu kuosha meza na makreti mpaka jua liwe kali. Ikifika Juni ngozi yangu inakuwa ya mtu mwingine. Miguu inapauka hata nikijipaka asubuhi, visigino vina magaga, na vidole vinapasuka kwenye maungio mpaka chumvi ikigusa natoa machozi. Mwanangu wa darasa la pili naye anajikuna miguu usiku.

Kinachonishangaza ni kwamba nyumbani Bukoba tulikuwa kando ya ziwa hilihili na sikuwahi kupata taabu hii. Mafuta yenye manukato yananiwasha, kwa hiyo natafuta vitu vya asili. Nimeambiwa nichanganye glisirini na ndimu. Wengine wanasema samli, wengine nazi. Naomba mwenye uzoefu anieleze vizuri, maana mikono hii ndiyo inayolisha nyumba.

Mvuvi Igombe

Pole sana dada. Sisi tunaokesha majini tunajipaka mafuta ya mgando usoni na mikononi kabla ya kushuka mwaloni. Ukisubiri upepo ukupige kwanza umechelewa. Bibi zetu wa Kisukuma walitumia samli na watoto waling'aa, ila kwa kazi yako nzi hawatakuacha. Midomo usiilambe, mate yakikauka yanaondoka na unyevu wake.

Nesi Mstaafu, Nyamagana

Binti yangu, pole. Nimesoma swali lako nikaona nikujibu kwa kirefu, kwa sababu kila mwaka miezi hii wanawake wa samaki walikuwa wanakuja na mikono ya namna hiyo.

Nianze na Bukoba. Upepo wa Juni mpaka Agosti unatoka kusini-mashariki. Kabla ya kutufikia sisi Mwanza umepita nchi kavu ya Shinyanga na Simiyu, hauna unyevu. Ukishavuka ziwa umebeba maji, na huo ndio unaoufikia upande wenu. Halafu usiku na alfajiri hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, saa zilezile unazokuwa kazini. Kwa hiyo kukaa karibu na maji hakukusaidii.

Ngozi ina tabaka la juu lililoshikiliwa na mafuta yake yenyewe, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasitoroke. Hewa kavu inayavuta maji, lakini anayebomoa ukuta mara nyingi ni sisi wenyewe: maji ya moto, dodoki na sabuni ya mche. Sabuni ile ni kali kwa ngozi, imetengenezwa kung'oa mafuta ya kwenye nguo. Baridi ikija watu wanachemsha maji ya kuoga yanayotoa mvuke na kujisugua sana ili wapate joto, kisha wanalalamika mafuta hayafanyi kazi. Oga maji ya uvuguvugu, usikae muda mrefu, na sabuni iende kwapani, sehemu za siri na miguuni palipo na uchafu. Mapaja na mikono ya mtoto asiye na tope havihitaji sabuni kila siku.

Sasa sikiliza hili kuliko mengine yote: jipake ngozi ikiwa bado mbichi. Jifute kwa kubonyeza taulo, usijikaushe kabisa, na ndani ya dakika tatu hivi uwe umeshapaka. Mafuta peke yake hayaleti maji, yanayafungia yaliyopo. Ukipaka baada ya kuvaa, kunywa chai na kufagia uwanja, unafungia ukavu.

Kuhusu aina, mafuta ya alizeti yale yaliyosafishwa ya kupikia yanafaa sana. Yana asidi ya linoleiki, ambayo ngozi yenyewe huitumia kujenga ukuta wake, na hayana manukato. Mafuta ya nazi nayo ni mazuri. Yakiganda asubuhi msidhani yamechakachuliwa, chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, na alfajiri ya Julai hapa ni baridi kuliko hapo. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto. Glisirini inavuta unyevu, ila izimue kwa maji, kisha upake mafuta juu yake.

Ndimu acha kabisa. Inachoma penye nyufa, na ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi. Wewe unafanya kazi juani. Sipendi hata kuona mchanganyiko huo ukiuzwa kwa jina la tiba.

Mhaya wa Kirumba

Shikamoo bibi, nashukuru sana. Kweli maji yangu ya kuoga huwa ya kuchemka. Lakini hii mikono je? Siwezi kuacha barafu, na mafuta ya alizeti yanaoshwa nikigusa maji mara moja tu.

Nesi Mstaafu, Nyamagana

Marahaba. Mikono inahitaji kitu kizito. Tafuta nta ya nyuki, kijiko kimoja kwa vijiko vinne au vitano vya alizeti. Weka kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, usiweke juu ya moto moja kwa moja. Ikiyeyuka koroga, mimina kwenye kichupa kikavu. Ikipoa inakuwa mgando unaokaa mkononi. Paka kidogo kabla ya kazi, vaa glavu za pamba, halafu za mpira juu yake, kwa sababu mafuta huharibu mpira. Za pamba zikilowa badilisha, ukikaa nazo mbichi ni mabaya kuliko kutovaa.

Usiku loweka visigino kwenye maji ya uvuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe, paka kwa wingi, vaa soksi za pamba ulale. Mafuta ya mgando hayatoki kwenye mmea, lakini penye ufa mkubwa mimi nisingeyakataa, yanafunga maji kuliko karibu kila kitu unachokiona dukani.

Mtoto mwangalie kwa makini. Akijikuna zaidi usiku, ana vipele katikati ya vidole au kwenye viganja, na wengine nyumbani mnawashwa, hiyo huenda ni ugonjwa wa upele, ule wa kuambukizana, na mafuta hayautibu. Mpeleke kituo cha afya. Na wewe pia, ufa ukivimba, ukitoa usaha au ukiuma kwa kupwita, nenda usingoje.

Mama Pacha, Nansio

Bibi shikamoo. Mimi wanangu ni wachanga, nimeletewa mafuta ya mizeituni kutoka mjini. Niendelee?

Nesi Mstaafu, Nyamagana

Marahaba mama. Hayo yatumie jikoni. Yamepimwa kwenye ngozi na kuonekana yanaudhoofisha ukuta wake, hata kwa watu wazima. Wachanga wapake alizeti kidogo baada ya kuoga, na msiwaogeshe mara tatu kwa siku kwa sababu ya vumbi.

Mvuvi Igombe

Dada wa Kirumba, nta waulize wauza asali wanaoleta mzigo kutoka Tabora. Waambie unataka iliyochujwa, isiyo na masega meusi, na uinuse kwanza: nzuri inanukia asali. Kama ina harufu ya moshi mkali, iache.