Kamati ya klabu yetu ya makasia imeogopa korona ikasahau maji. Mtoto wetu nusura afe kriki ya Tudor

Ndugu zangu wa Mombasa na wadau wote wa michezo ya majini, nina hasira na sitaificha. Nimengoja siku nne nipoe ndipo niandike, na bado sijapoa. Jumamosi iliyopita, tarehe 17 Oktoba 2020, mpwa wangu wa miaka 15, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, alipinduka na mashua kwenye kriki ya Tudor. Maji yalikuwa yanakupwa, yakamchukua kuelekea Daraja la Nyali akiwa peke yake, bila jaketi la kuokolea na bila boti ya kumfuata. Na kila kitu kilifanywa kwa mujibu wa kanuni za klabu za kurudi majini. Hakuna kanuni hata moja iliyovunjwa asubuhi ile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jina la klabu sitalitaja. Wanaohusika watajijua.

Kabla hajatokea mtu kusema napuuza ugonjwa: mimi ni mkazi wa Mji wa Kale. Mwezi wa Mei tulifungiwa karibu mwezi mzima, hakuna kuingia wala kutoka, na Mombasa yote ilifungwa tangu Aprili 8 hadi Julai 7. Nimesimama kwenye mazishi ya watu wachache, kila mmoja mbali na mwenziwe, tukimzika mtu aliyestahili mtaa mzima umsindikize. Barakoa navaa, na kanuni za korona nazitaka. Klabu ilipofunga milango Machi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono.

Lakini tazameni walichotuletea tuliporudi. Kupimwa joto mlangoni, sawa. Kupangusa mishikio ya makasia kwa sabuni kabla na baada, sawa kabisa. Mashua ya watu wanane imesimamishwa, na hapo pia wana haki, kwa sababu msukani anakaa uso kwa uso na mpiga makasia wa kwanza, hata mita moja haifiki, naye anapiga kelele muda wote. Baada ya hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila mtu, mkongwe na mwanafunzi, apande mashua ya mtu mmoja tu. Zamu za dakika 45 zilizopangwa kwa saa ya ukutani. Asiguse mtu mashua ya mwenzake. Majaketi ya kuokolea yamefungiwa stoo kwa kuwa ni vazi la kushirikiana. Na boti ya kocha isitoke, kwa kuwa ni ndogo, watu wawili hawawezi kukaa mbalimbali ndani yake.

Kwa wasioujua mchezo huu, mashua ya mtu mmoja ndiyo ngumu kuliko zote. Ina urefu wa karibu mita 8, na pale inapogusa maji upana wake ni kama sentimita 30 tu. Uzito wake unaanzia kilo 14. Haisimami yenyewe, inashikiliwa na makasia yaliyotandazwa kama mbawa, na mwanafunzi akiachia mshikio mmoja tu ameshapinduka. Halafu mpiga makasia anakaa ameelekea tezi, yaani nyuma ya mashua, mgongo wake uko omo, yaani mbele, kwa hiyo hakioni kilichoko mbele mpaka ageuze shingo, na mwanafunzi akigeuza shingo mashua inalala upande. Ndiyo maana siku zote tumewaanzishia watoto kwenye mashua ya watu wanne, pamoja na mkubwa mmoja, na boti ya kocha ikiwafuata ubavuni.

Mpwa wangu alianza Novemba mwaka jana. Hadi Machi hajawahi kupanda mashua ya peke yake hata siku moja. Akakaa miezi sita na zaidi hajagusa kasia. Siku ya kurudi wakampa mashua ya mtu mmoja, kwa sababu karatasi inasema hivyo. Ana kaka yake wa miaka 19 hapo hapo klabuni, wanalala nyumba moja, wanakula sinia moja. Dada yangu aliomba wapande wawili pamoja. Akajibiwa kanuni ni kanuni. Na wanatuambia kanuni hizi wamezitoa Uingereza! Huko walipoanza kurudi majini mwezi wa Mei, watu wa nyumba moja waliruhusiwa kupanda pamoja. Kwa nini hicho hawakukichukua?

Sasa nije kwenye saa, na hapa naomba wavuvi na manahodha mlio humu mnisaidie kusema. Mwezi mpya ulizaliwa usiku wa Ijumaa ya tarehe 16. Kwa hiyo Jumamosi lilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Mtoto yeyote aliyekulia pwani hii anajua kwamba bamvua Mombasa maji hujaa alfajiri kama saa kumi na hufika chini kabisa saa nne na ushei asubuhi, na tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Maji yote hayo ya kriki, tangu kwenye mikoko huko ndani, yanatoka kwa mlango mmoja, chini ya Daraja la Nyali, kupita Bandari ya Kale na Fort Jesus hadi bahari kuu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndiyo kwanza mkondo unashika kasi. Zamani tulikuwa tunaitazama jedwali ya maji kwanza, ndipo tunaitana. Siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, tunatoka saa yoyote, siku za bamvua tunangoja maji yatulie. Tangu turudi, mtu anatoka kwa zamu yake hata maji yakienda mbio kama mto, maana akingoja zamu imempita, na akikaa pale gatini kungoja anaambiwa anakusanyika.

Mpwa wangu akatoka saa kumi na mbili na nusu. Kocha alikuwa amesimama gatini na kipaza sauti. Huyu kocha simlaumu, alishaiambia kamati mara mbili kwamba boti lazima itoke, akanyamazishwa. Mtoto alipiga makasia kama dakika kumi, akajaribu kugeuza arudi, mkondo ukaisukuma mashua ubavuni, kasia la kushoto likazama. Akapinduka. Miguu ilikuwa ndani ya vile viatu vilivyofungwa kwenye mashua, na kamba ya kisigino ya kiatu kimoja, ile inayoshika kiatu ili mguu uchomoke, ilikuwa imekatika. Mashua ilikaa kwenye kichanja tangu Machi, na kwa kuwa hakuna ruhusa ya kugusa mashua ya mwenzako, kocha hakuikagua. Mtoto ananiambia alikuwa chini ya maji akivuta mguu na kusoma Kalima. Akauchomoa. Nyama ya kisigino ilibanduka.

Akashikilia mashua iliyopinduka huku anakwenda na maji. Kocha anapiga kelele asiiachie. Kaka yake anakimbia kutafuta ufunguo wa boti, ufunguo uko kwa katibu, katibu yuko nyumbani kwake. Nguzo za daraja zimejaa chaza wakali kama wembe, na mtoto anazikaribia kwa kasi ya mtu anayekimbia. Aliyemwokoa ni mvuvi, mzee wa makamo, kwenye hori lake. Alisikia ukelele akavuka mkondo. Akamwambia ashike tezini, asijaribu kupanda ubavuni wasije wakazama wote wawili, kisha akampeleka polepole mpaka penye kina kifupi. Akamfunika kikoi chake. Dada yangu alipompelekea pesa alizikataa. Mola amlipe.

Mchana, saa nane, ukaingia ujumbe wa kamati kwenye grupu la WhatsApp. Nilidhani wanauliza hali ya mtoto. Walisema mwanachama huyo ameshikana na mtu wa nje asiyevaa barakoa, kwa hiyo asifike klabuni kwa siku 14. Basi. Neno la pole halikuwemo. Kwamba boti haikutoka, majaketi yalikuwa stoo, na kamba ya kiatu ilikuwa mbovu, hayo hawakuyataja.

Dada yangu amelia mpaka sauti imemkauka. Na si yeye peke yake aliyeumizwa na karatasi hii. Kuna mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu. Ili apande mashua sharti ashikwe na watu wawili, afungwe mkanda kifuani, na boti imfuate wakati wote. Yeye aliambiwa asije mpaka korona iishe. Mombasa hii iliyomtoa Asiya Sururu, mwanamke mpiga makasia aliyejipatia nafasi ya Paralimpiki ya Tokyo, michezo ya walemavu, michezo iliyosogezwa hadi 2021, ndiyo inamwambia mlemavu akae nyumbani bila tarehe! Ndugu zake wawili wanaoishi naye wangeweza kumbeba kila siku. Hakuna aliyewauliza.

Na mambo haya hayakuhitaji pesa. Jaketi linachovywa kwenye maji ya sabuni, linaanikwa juani, kila mtoto anapewa la kwake lenye namba. Boti ya kocha inatoka na kocha na kijana mmoja, wamevaa barakoa, upepo wa bahari unapita katikati yao. Mashua inakaguliwa kutoka omo hadi tezi, kisha mkaguzi ananawa mikono. Zamu zinapangwa kwa jedwali ya maji. Mwanafunzi anabaki nchi kavu mpaka aweze kurudi na ndugu yake. Nimewaandikia yote hayo Jumapili kwa mkono wangu. Hadi leo Jumatano sijajibiwa.

Hapa ni Mombasa. Feri ya Mtongwe ilipozama mwaka 1994 tulizika watu 272. Mwaka jana tu, Septemba, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na mama na binti yake, tukakaa karibu wiki mbili tukitazama maji kabla hawajatolewa. Kamati ya watu wa mji huu inawezaje kuandika kanuni za usalama wa majini, kurasa nne, na neno "kuzama" lisionekane hata mara moja? Nimezisoma zote, mara tatu.

Ratiba mpya imeshabandikwa. Mwezi utakuwa mpevu Jumamosi tarehe 31, yaani bamvua tena, na Jumapili ya Novemba 1, saa kumi na mbili na nusu, kuna watoto sita wameandikwa kutoka mmoja mmoja. Wanne kati yao walianza pamoja na mpwa wangu. Kama mtoto wako ni mmoja wao, niandikie leo. Asubuhi hiyo nitakuwa gatini tangu saa kumi na moja, na yule mzee mvuvi ameniambia ataleta hori lake.