Simbilisi wa binti yangu ameota uvimbe kiunoni

MamaZuhura, Iringa: Habari zenu wapendwa. Ni jike wa miaka mitatu. Uvimbe ulianza kama punje ya njegere, sasa umefika gololi. Ukiugusa unacheza chini ya ngozi, na katikati kuna kitundu kinachotoa uchafu mweupe mzito. Majani anakula vizuri. Jirani anasema niutumbue na nimpe amoksilini ya watoto. Roho inasita.

Mfugaji_Njombe: Dada, usimpe kabisa! Amoksilini ya kunywa inaua bakteria wazuri wa tumboni mwake, anaharisha na kufa. Wala usiukamue, ukipasukia ndani ni balaa.

BabaNeema: Uvimbe wa hapo wenye kitundu mara nyingi ni wa kinyweleo, si saratani. Daktari wa mifugo huutoa pamoja na kifuko chake. Ungekuwa chini ya taya ningehofia jipu. Siku ya upasuaji usimnyime chakula: simbilisi hatapiki, na tumbo tupu husimama kufanya kazi. Mpe pilipili hoho, mwili wake hautengenezi vitamini C.

MamaZuhura: Asanteni sana. Kesho asubuhi tunampeleka kwa daktari, na hoho nimeshamkatia.