Binti yangu anaimudu jiografia ya binadamu lakini ya maumbile inamshinda: naomba ushauri

Mzazi wa Embakasi
Wanajukwaa, hamjambo? Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Nairobi. Akiulizwa kwa nini watu huhamia mijini, au jinsi mpunga unavyolimwa Mwea, hujibu kwa mpangilio unaopendeza. Ikifika karatasi ya kwanza, yenye miamba, mito, volkano na usomaji wa ramani, alama zake hushuka vibaya. Ameshauriwa akariri hatua za kutokea kwa kila umbo la nchi pamoja na mchoro wake, naye hukesha akikariri, ila swali likigeuzwa kidogo tu anakwama. Je, aendelee hivyo, atafutiwe mwalimu wa ziada, au kuna njia nyingine? Nauliza mapema kwa kuwa mwaka ujao ni wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na ndoto yake ni kusomea upangaji wa miji.

Mwalimu Mstaafu
Mzazi mwenzangu, hongera kwa kulifuatilia jambo hili kabla ya wakati wa mtihani. Kwa maoni yangu, binti yako amefundishwa masomo mawili mahali palipo na somo moja. Chukua huo mpunga wa Mwea anaoujua vizuri. Maji yake hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi, ambayo chanzo chake ni Mlima Kenya. Muulize kwa nini mito hiyo haikauki upesi, naye atalazimika kueleza kwamba pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na mlima wenye kimo cha mita 5,199, hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa mvua katika miteremko ya kusini na mashariki, ilhali nyanda za Laikipia zilizo upande wa pili hupata hewa iliyokwisha kupoteza unyevu wake. Kisha muulize kwa nini maji hayazami ardhini yakifika shambani. Jibu ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hauruhusu maji kupenya kwa urahisi. Hapo atakuwa amejibu karatasi ya kwanza bila kujua.

Udongo wa aina hiyohiyo mnao hapo Embakasi. Msimu wa mvua huvimba na kunata viatuni. Kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza kalamu. Mwombe fundi wa mjengo ulio karibu nanyi amweleze kwa nini huuchimba na kuuondoa kabla ya kuweka msingi, kisha siku mtakapokwenda upande wa Kikuyu autazame udongo mwekundu wa huko, ambapo nchi ina miinuko, maji hupita vizuri na kahawa na chai hustawi. Anayetaka kupanga miji hawezi kuuruka ukweli huo, kwa maana nyumba, barabara na mitaro vyote husimama juu yake.

Mtahiniwa wa Zamani
Naheshimu maneno ya mwalimu, lakini mtihani una kanuni zake na muda hausubiri. Swali la 6 katika karatasi ya kwanza ni la lazima na hutegemea ramani, kwa hiyo ningeanzia hapo. Katika ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini, na tofauti ya kimo kati ya kontua mbili zinazofuatana (mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa) kwa kawaida ni mita 20. Kontua zinapovuka mto hupinda, na ncha ya pindo huelekea upande mto unakotoka. Jambo hilo dogo likimwingia, ataona mwelekeo wa mto papo hapo. Zaidi ya hayo, atofautishe swali linalomtaka ataje na lile linalomtaka aeleze, kwani wengi huandika hoja tupu pasipo sababu na kupoteza nusu ya alama.

Mwalimu Mstaafu
Nakubaliana nawe kuhusu ramani, na ningeongeza kwamba ndiyo inayozikutanisha nusu zote mbili za jiografia. Atazame ramani ya Murang'a: mito imechimba mabonde yaliyopangana sambamba, hivyo barabara na makazi hufuata migongo iliyo katikati. Akiweza kueleza kwa nini barabara haikati mabonde hayo, nisingempeleka kwa mwalimu wa ziada.

Msafiri wa Limuru
Kwa upande wa volkano na Bonde la Ufa, mpelekeni katika mojawapo ya vituo vya kutazamia bonde kwenye barabara ya kuteremka Mai Mahiu. Kukiwa hakuna ukungu, atauona ukuta wa bonde chini ya miguu yake na Longonot, mlima wa volkano wenye kimo cha mita 2,776, mbele yake. Achore mwenyewe anachokiona na kukipa majina, kabla ya kufungua kitabu.

Mzazi wa Embakasi
Nawashukuru nyote. Leo jioni tumeuzungumzia udongo wa uani kwetu, naye ndiye aliyeniuliza kwa nini maji hutuama barabarani kwetu siku nyingi baada ya mvua. Ramani halisi nitaipata wapi? Shuleni kwao wanatumia nakala zilizofifia.

Mtahiniwa wa Zamani
Nenda katika ofisi za Survey of Kenya zilizoko Ruaraka, kando ya Barabara ya Thika, ambako huuzwa kwa umma. Omba ya skeli ya 1:50,000, na uanze na ile inayoonyesha eneo mnaloishi.