Emacs, Neovim, Sublime Text au VS Code: kipi kinakubali plagini ibadilishwe bila kukizima?

fundi_msimbo: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza plagini (programu ya kuongezea kihariri uwezo) ndogo: ukihifadhi faili, inafuta nafasi tupu mwishoni mwa mistari na kukuonyesha imefuta ngapi. Nataka niwe naibadilisha huku kihariri (programu ya kuandikia msimbo) kikiendelea na kazi. Kati ya hivi vinne, nishike kipi?

bint_kisauni: Emacs, bila kusita. Sehemu kubwa ya Emacs yenyewe imeandikwa kwa Emacs Lisp, lugha ile ile ya plagini yako. Weka kielekezi (cursor) ndani ya fanksheni, bonyeza C-M-x (Ctrl+Alt+X), mpya inachukua nafasi ya ya zamani papo hapo. Angalizo: eval-buffer (amri ya kuendesha msimbo wote wa faili) haigusi defvar (tamko la kigeu) ambayo tayari ina thamani, na wengi huhangaika hapo wakidhani mabadiliko hayajaingia. C-M-x juu ya hiyo defvar ndiyo huiweka upya.

lua_kila_siku: Neovim pia inaweza, ila uijue tabia yake. Plagini yake ukiiandika kwa lugha ya Lua, require hupakia moduli (faili la msimbo) mara moja tu na kuitunza ndani ya jedwali la package.loaded, ukiita tena unapewa ile ile. Tuseme moduli yako inaitwa safisha: andika package.loaded["safisha"] = nil, ndipo uite require. Na bado hujamaliza! Autocmd (amri inayojiendesha yenyewe) ya BufWritePre, yaani kabla faili halijahifadhiwa, uliyoisajili mwanzo iko palepale, mpya inaongezeka juu yake. Ukihifadhi faili, ujumbe unatokea mara mbili. Ukipakia tena, mara tatu. Dawa ni kuisajili chini ya kundi la autocmd, kwa nvim_create_augroup yenye clear = true, ili kila upakiaji ufute za awali kwanza.

nyoka_mpole: Sublime Text haina usumbufu huo. Hifadhi faili lako la Python ndani ya Packages/User, linapakiwa upya lenyewe, na EventListener (sehemu inayosikiliza matukio kama kuhifadhi) ya zamani inaondolewa. Kwa plagini ya ukubwa huu mimi ningeanzia hapa.

dada_wa_kodi: VS Code si hai kwa maana hiyo. F5 inafungua dirisha la pili la majaribio. Ukibadilisha msimbo unalipakia upya lote kwa Ctrl+R. Lakini plagini huendeshwa katika mchakato wa pembeni, kwa hiyo ikinasa kwenye mzunguko usioisha bado unaendelea kuandika.

bint_kisauni: Hilo kweli, dada. Emacs ikinasa inaganda yote mpaka ubonyeze C-g (Ctrl+G).

fundi_msimbo: Asanteni sana. Najaribu Sublime usiku huu, kisha naihamishia Emacs.